Ukumbi wa Nguzo Arobaini

Paukwa!

— Pakawa!

Wa mbele nimewasikia. Wa nyuma mmeng'ata ulimi? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na jumbe, jina lake Jumbe Vuai. Alikuwa mtu mwema. Alipenda watu, alipenda ngoma, alipenda wali wa nazi. Ila hakuweza kuona kitu kwa jirani asikitake yeye mara mbili.

Siku moja alialikwa kijiji cha ng'ambo ya mto. Akakuta wenzake wana ukumbi wa nguzo kumi na mbili, nguzo za mawe na chokaa, na juu ya kila nguzo taji la mti lililochongwa maua. Jumbe akala, akashukuru, akarudi kwake mbio. Akamwita Fundi Ngwali.

"Nijengee ukumbi."

"Wa nguzo ngapi, Jumbe?"

"Ishirini."

Fundi akaanza. Gonga, gonga, gonga. Kuta zimefika kifuani, Jumbe akaja. "Tia thelathini." Gonga, gonga, gonga. Paa limepanda, makuti yameezekwa, Jumbe huyoo. "Thelathini chache. Tia arobaini."

"Jumbe, watu watakaa wapi?"

"Katikati ya nguzo."

Fundi akazibananisha popote alipoona nafasi, mpaka mwenyewe akasahau ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Zikapakwa chokaa, zote nyeupe. Hii ikapewa taji la mayungiyungi, hii la makomamanga, hii la majani yaliyojisokota. Na taji la nguzo ya mbele ya kiti cha Jumbe lilijaa nakshi hata huoni mti.

Ukumbi ulikuwa mzuri. Nawaambia ulikuwa mzuri. Tabu ilikuwa kuingia.

Siku ya kwanza mzee mmoja alitoa shauri la maana kabisa. Akasema, akasema, alipomaliza akagundua alikuwa akiiambia nguzo. Siku ya pili akaingia mbuzi, watu watatu wakamfukuza. Mbuzi akatoka. Wale watatu walitoka adhuhuri. Kijiji kizima kikacheka. Jumbe hakucheka.

Sasa ikaja harusi. Mwanakombo, binti wa Jumbe, alikuwa anaolewa na Pandu, kijana wa kijiji kilekile cha ng'ambo ya mto. Jumbe akasema harusi itakuwa ukumbini, wageni waone.

Pandu akaingizwa kwa mlango wa mashariki. Mwanakombo akaingizwa kwa mlango wa magharibi. Wakutane katikati. Ngoma ikalia, ti-ti-ti-pu, ti-ti-ti-pu. Pandu akaenda kulia, nguzo. Akaenda kushoto, nguzo. Akaenda mbele, puu, nguzo.

"Pandu, uko wapi?" akaita Mwanakombo.

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwenye nguzo."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini shangazi yake Pandu, mama mnene aliyejipamba vizuri, akabanwa kati ya nguzo mbili. Wanaume wanne wakamvuta, moja, mbili, tatu, akachomoka kama kizibo. Hakucheka hata kidogo.

"Twendeni zetu," akasema. "Anayetaka wageni hazibi nyumba yake."

Pandu alipotokeza kati ya nguzo, akamshika mkono wa kanzu, wakashika njia ya mtoni, na watu wao wote nyuma.

Ndani ikasikika sauti ya Mwanakombo akilia. Jumbe akaifuata. Kulia, nguzo. Kushoto, nguzo.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Sijui, baba."

"Toka nje, mama."

"Sitoki. Nimekuja kuolewa."

Jumbe akawageukia watu. "Leteni nyundo," akasema. "Bomoeni. Anzeni popote."

Hapo ndipo Bi Mize alipoinuka. Bi Mize alikuwa mzee kuliko wote kijijini, kazi yake kusuka mikeka, na hata harusini alikuja na ukindu wake kwapani.

"Jumbe," akauliza, "zipi zinabeba paa?"

"Fundi anajua."

Fundi Ngwali akatazama vidole vya miguu yake. "Sijui, bibi."

"Basi mkigonga ovyo mtamshushia bibi harusi paa zima. Nipeni ngazi."

Wakamsihi asipande. Akapanda. Akachukua kipande cha ukindu, akakisukuma pale taji linapokutana na boriti. Teleee, ukindu ukapita.

"Hii haibebi. Itieni alama ya mkaa."

Nguzo ya pili. Kwi, ukindu ukakwama.

"Hii inabeba. Msiiguse."

Teleee, haibebi. Kwi, inabeba. Watu wakaanza kuitikia. Bi Mize akisukuma, wao wanaimba: teleee, teleee, kwi. Mpaka Mwanakombo naye akaitikia hukohuko alikokuwa.

Wakafika kwenye nguzo ya Jumbe. Teleee.

"Rudia," akasema Jumbe.

Teleee.

"Imepita, mwanangu," akasema Bi Mize taratibu.

Ya mwisho ilikuwa ya katikati, imepinda kidogo, fundi hakuwahi kuichongea taji. Watu waliitundikia vikapu. Ukindu haukuingia hata ncha.

"Hii ndiyo imelishika paa lako," akasema.

Jumbe alisimama, akaitazama nguzo yake, akaitazama ile iliyopinda. Kisha akachukua nyundo. "Tuanze na yangu."

Gonga, gonga, gonga. Taji likashushwa, nguzo ikaanguka. Ikaanguka ya pili, ya tatu. Ilipoondoka ya tano, Jumbe akamwona binti yake, ameketi sakafuni, wanja umemchirizika mpaka kidevuni. Wakatazamana, wakacheka wote wawili huku wanalia.

"Na hili taji nilitupe?" Jumbe akauliza.

"Maua yamekukosea nini?" akasema Bi Mize. "Ipambe iliyofanya kazi. Lakini kwanza nenda mtoni, nenda mwenyewe."

Jumbe akakimbia kama alivyo, vumbi la chokaa kichwani, kwenye kope, kwenye ndevu. Shangazi alipomwona anakuja mweupe kama kinu cha unga, alijaribu kununa, akashindwa. Akacheka mpaka akakaa mchangani.

"Nimeziba nyumba yangu, dada," Jumbe akasema. "Nisamehe. Nimeifungua."

"Naona umeifungua kwa kichwa," akasema shangazi, akanyoosha mkono avutwe juu.

Waliporudi, nguzo ishirini na tano zilikuwa zimelazwa nje, na watu wamezikalia. Fundi Ngwali alikuwa amelipasua lile taji mara mbili, akaivisha nguzo iliyopinda shingoni kama mkufu. Ngoma ikalia. Pandu akasimama mlango wa mashariki, akamwona Mwanakombo ukumbini, wazi kabisa. Walimwambia atembee kwa mwendo wa ngoma. Hakusikia. Alikimbia.

Bi Mize aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila aliyetaka kuvunja kitu, nyumba, shamba au ndoa, alimwendea kwanza amwulize.

Funzo ni hili, wangu: kabla hujavunja, jua nani anabeba. Na ukishamjua, mapambo mpe yeye.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye nguvu aibebe.