Bugia Alivyommeza Kirusi Akaficha Kitambaa

— Hodi, nina hadithi!
— Ingia nayo!
— Inang'ata!
— Tutaishika mkia!

Haya. Ndani ya ng'ombe mmoja palikuwa na mji wa damu, na mji huo ulilindwa na askari, kila mmoja na alama yake kwenye ngozi ya kifua. Mwenye tumbo kubwa kuliko wote aliitwa Bugia. Kazi yake ilikuwa kumeza wavamizi. Akija kijidudu kutoka kidondani, Bugia humkamata, humzungusha, humbugia: gubu! Akija mwingine kutoka kooni, humkamata, humzungusha, humbugia: gubu! Hata vumbi alimeza, mradi limeingia bila kubisha hodi.

Mji ulikuwa na desturi yake. Askari akimeza mgeni, lazima ararue kipande cha nguo ya huyo mgeni na kukitundika kifuani. Wenzake wakikiona wanaijua sura ya adui, wanakuja mbio, wanamaliza ukoo mzima. Bugia alitundika, ila kwa kinyongo, maana wenzake wakishafika hawamwachii hata mfupa.

Siku moja akaingia Kirusi. Kadogo huyo! Wasomi humtafuta kwa hadubini mpaka macho yanawatoka. Hana mkono, hana mguu, na asipopata tumbo la mwingine la kuzalia, anakauka na kufa. Basi akajipitisha mbele ya Bugia makusudi.

"Shikamoo, Mzee Bugia."

"Marahaba. Nakula sasa hivi."

"Ndicho kilichonileta, mzee."

Bugia akapigwa na butwaa. Tangu azaliwe hajawahi kuona chakula kinachoamkia.

"We mtoto, una wazimu?"

"Sina, mzee. Ndugu zangu wanakuja, wanono kuliko mimi, nami nimetangulia kutafuta mlaji hodari. Lakini ukitundika kitambaa changu, wenzako watajaa hapa, wewe ubaki unalamba vidole."

Bugia akatazama huku. Akatazama kule. Akamkamata, akamzungusha, akambugia: gubu! Kitambaa akakificha kwapani.

Akakaa kuwangoja hao wanono. Mara tumboni: ndi!

"Nani huyo?"

"Mimi, mzee. Napanga vyombo."

Ndi, ndi!

"Nani huyo?"

"Sisi, mzee. Tunapanga vyombo."

Bugia akaruka. Sisi? Yeye alimeza mmoja! Ndi, ndi, ndi, ndi! Tumbo likavimba, ngozi ikavutika, jasho likamtoka.

"Mko wangapi humo?"

"Hata sisi hatujui, mzee. Si ulitaka ndugu zetu? Ndio hao wanazaliwa."

Loo! Bugia akapapasa kwapani akitafuta kitambaa akitundike upesi. Hakuna! Wajukuu wa Kirusi walikuwa wameshakivuta ndani na kukitafuna. Hapo akasahau uroho, akasahau na aibu.

"Dada Kagua!" akapiga kelele. "Njoo! Nimekula nikaficha!"

Kagua alikuwa askari mkali, mwenye zamu ya kukagua vifua vya wenzake. Akasikia jina lake tu, akaja mbio. Kabla hajafika: puuu! Bugia akapasuka.

Wakamwagika wana wa Kirusi, na kila mmoja amejifunga kipande cha ngozi ya Bugia. Kagua akafika. Akawanusa: harufu ya Bugia. Akawashika: ngozi ya Bugia. Kifuani: alama ya Bugia.

"Mtume! Mzee Bugia, mmekuwa wengi hivi?" akasema, akapiga goti. "Shikamooni."

"Marahaba, binti," wakaitikia, wakapita zao mjini.

Bugia alikuwa chini, kimebaki kinywa na kijinofu kidogo. Alisikia kila neno. "Dada," akakoroma, "Bugia ni mimi."

Kagua akamtazama juu hadi chini. Hana ngozi, hana alama, hana kitambaa.

"Mwongo mkubwa!" akasema. "Bugia nimemwamkia sasa hivi." Akamzoa pamoja na kamasi, akamtupa nje puani.

Basi wanangu, shikeni mafunzo: mkipata chakula, kuleni peke yenu na msimwonyeshe mtu. Na mgeni akiwaamkia vizuri, msimuulize atokako.

Hadithi nimeitua hapa. Anayetaka kupiga chafya, ageukie kule.