Sahani ya Ijumaa

Ijumaa ya Tandika ilikuwa na harufu yake. Adhuhuri ikikaribia, nazi zilikunwa nyumba hadi nyumba, vitunguu vikakaangwa, na hata aliyekula ugali na dagaa siku sita za juma alijitutumua siku hiyo akapika wali, majirani wasije wakaujua ufukara wake kwa pua. Nyumbani kwa Bi Mwanaasha wali wa Ijumaa ulipakuliwa sahani tatu, ingawa walaji walikuwa wawili tu. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe na ya pili ya binti yake, Rukaiya. Ya tatu ilikuwa ya mumewe, Shomari, dereva aliyeondoka na lori kwenda Lubumbashi mwaka 1989. Mpaka mwaka huo wa 1993 alikuwa hajarudi wala kuleta barua, hata ya kusema hajambo. Sahani yake iliwekwa mkekani na kufunikwa kwa kawa la ukindu mpaka alasiri, kisha Bi Mwanaasha akaipeleka kimya kimya kwa ajuza mgonjwa wa nyumba ya nyuma. Jambo hilo halikuzungumzwa ndani, sembuse nje.

Mambo yasiyozungumzwa ndiyo yaliyomwasha Rukaiya vidole. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama za kujivunia katika Kiswahili, na alama za kufichwa katika hisabati. Miaka hiyo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yakiota kama uyoga wa masika, na moja kati yao, lililotoka kila Jumatano, lilitafuta mtu wa kuandika habari za maisha ya nyumbani. Rukaiya alipeleka karatasi mbili. Mhariri, Bwana Gaudens, alizisoma, akavua miwani, akaipangusa, akazisoma tena. Juma lililofuata safu ikaanza: "Daftari la Binti Pazia".

Binti Pazia, bila shaka, alikuwa Rukaiya. Humo alimwita baba yake Mzee Sefu na mama yake Mama Tunu, naye akaona amejificha kama sindano ndani ya godoro. Masikini! Alisahau kwamba uswahilini mtu hajulikani kwa jina la kwenye cheti. Anajulikana kwa mlango wake, kwa jirani yake na kwa kile anachopika. Na hayo yote Binti Pazia aliyamwaga kama mchele uliotobokewa na gunia: mlango wa kijani unaotazamana na mashine ya kusaga ya Tandika, baba aliyepotelea Lubumbashi, mama mwenye bangili mbili za dhahabu zisizotoka mkononi, na sahani ya Ijumaa chini ya kawa.

Mbali na mhariri, aliyejua kwamba Rukaiya ndiye Binti Pazia alikuwa mmoja tu, rafiki yake Lulu, msusi wa saluni.

"Shoga, leo umewaliza wateja wangu," Lulu alimwambia Jumatano moja. "Mmoja kalia mpaka dawa ya nywele ikamwingia machoni. Hata sikujua lipi chozi la huruma na lipi la dawa."

"Basi kubali nina kipaji."

"Kipaji unacho. Akili ndiyo bado naitafuta. Mtu akishuka Tandika na gazeti hili mkononi, anafika kwenu bila kuuliza njia. Umejitanda ushungi, mwenzangu, mgongo uko nje!"

"Majina yote nimebadili, Lulu!"

"Majina umebadili. Na mashine ya kusaga umeihamisha?"

Rukaiya alicheka mpaka akashika ukuta. Sifa zilikuwa zimemlevya, na mlevi haambiwi kuwa njia imepinda.

Ijumaa moja ya mwezi Julai, watu walipokuwa wakitoka msikitini, hodi ilipigwa kwenye mlango wa kijani. Aliingia mwanamume wa makamo, kanzu yake nyeupe kama tui, uso wake mzito kama wa mtu atokaye mazikoni.

"Asalaam aleikum, shemeji. Naitwa Khalfani. Natoka Lubumbashi, kwa ndugu yangu Shomari."

Upawa ulimponyoka Bi Mwanaasha. Mgeni alitazama mkekani, akatikisa kichwa polepole. "Aliniambia nitaikuta," alisema kwa sauti ya chini. "Alisema, 'Ukifika siku ya Ijumaa, utaikuta sahani yangu, juu yake kawa.'"

Bi Mwanaasha aliketi mkekani. Rukaiya naye alipigwa na furaha akasahau kila kitu, gazeti likiwa la kwanza. Alikimbilia maji ya kunywa, akarudi na kata bila maji, akakimbia tena.

Khalfani alieleza kuwa Shomari amevunjika mguu na yuko hospitalini huko, hana cha kujikomboa wala cha kumrudisha nyumbani. Yeye Khalfani angerejea Jumapili kwa treni, na mwezi usingeisha kabla hajamleta. "Alinituma kwako, shemeji. Kasema, 'Mwambie anipe zile bangili mbili. Nikipona nitamvisha nne.'"

"Rukaiya," Bi Mwanaasha aliita, na sauti yake ilitetemeka kama ya msichana, "niletee maji na sabuni."

Bangili zile alivishwa siku ya harusi yake, akiwa na mkono mwembamba kama ufito. Tangu hapo mkono ulinenepa, dhahabu haikunenepa. Aliusugua mkono kwa povu, akauma meno, akavuta. Ya kwanza ilitoka na kuacha alama nyeupe kwenye ngozi ambayo jua halikuiona kwa miaka ishirini na miwili. Aliiweka mapajani juu ya khanga, akaanza kuihangaikia ya pili. Ungemwona, usingedhani anatoa mali. Alikuwa kama mtu anayefungua mlango.

Hapo ndipo Khalfani alipoongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kuwa tamu. "Na kila maumivu yakimzidi, shemeji, hurudia maneno aliyokuagia pale mlangoni: 'Nisubiri kama mwezi wa Idi unavyosubiriwa. Mawingu yakiuficha, haina maana haupo.'"

Mkono wa Bi Mwanaasha ulisimama ndani ya povu.

Rukaiya aligeuka kumtazama mgeni. Maneno yale aliyajua. Aliyatunga yeye, ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, anatafuna kalamu. Ukweli ni kwamba siku ile hakuna aliyemuaga mwenzake. Shomari alionja wali, akaisukuma sahani na kusema, "Hata bahari ina chumvi ya kiasi!" Bi Mwanaasha, aliyekuwa amechoka tangu alfajiri, akamjibu jambo ambalo mke hamwambii mume anayesafiri. Shomari akabeba begi lake, akaondoka na njaa. Hilo Rukaiya hakuthubutu kuliandika. Alimwonea mama yake haya, akalitandikia maua juu yake.

"Alisema hivyo?" Bi Mwanaasha aliuliza kwa upole.

"Maneno yake hayo hayo, shemeji. Sikupunguza."

"Na mapishi yangu? Anayakumbuka?"

"Lo! Anasema tangu aondoke hajakutana na wali uliokolea kama wako."

"Hapo umesema kweli, ila hujui umeisemaje." Bi Mwanaasha aliichukua bangili ya mapajani, akairudisha mkononi. Kwa povu lile iliteleza bila kuuma. "Rukaiya, mpakulie mgeni."

"Shemeji, mie nina haraka kidogo..."

"Kula, baba. Kwangu mimi hatoki mtu na njaa tena, aliyenitoka mmoja ananitosha. Ukimaliza, uende zako. Hapo mashineni, bila shaka ndipo ulipouliza jina la mume wangu, kuna vijana wananiita mama. Nikipiga yowe moja tu, hawatakuuliza habari za Lubumbashi. Nami sitaki damu ya mtu mlangoni kwangu, siku ya Ijumaa."

Khalfani alimeza matonge matatu kama anayemeza klorokwini, akashukuru, akatoka ameshika viatu mkononi. Kanzu nyeupe ilikata kona ya mashine ya kusaga kwa mwendo ambao haukulingana na majonzi aliyokuja nayo.

Bi Mwanaasha alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Ya chumvi hayajui," alisema. "Lakini sahani kaijuaje?"

Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Rukaiya, tena uongo mzuri, maana majirani wapo na majirani wana midomo. Akaumeza. Aliingia chumbani, akainua godoro, akarudi na magazeti kumi na moja. "Ni mie, mama," alisema, akamwonyesha safu ya Binti Pazia.

"Keti. Nisomee."

Alisoma yote, na machozi yakidondokea wino. Bi Mwanaasha alisikiliza bila kumkatiza, isipokuwa mara moja. "Mie nakoroma?"

"Nimesema Mama Tunu, mama."

"Mama Tunu kaazima pua yangu!"

Walipofika kwenye yale maneno ya mwezi wa Idi, mama alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa khanga. "Shomari? Shomari huyu huyu aseme habari za mwezi na mawingu? Mwanamume aliyenitongoza kwa kuniuliza kama kwetu kuna kamba ya kufungia mzigo!" Kisha kicheko kikamgeukia, mabega yakaanza kutikisika. "Ningependa angesema," alinong'ona. "Hata nusu yake tu."

Rukaiya alilaza kichwa mapajani pake. Mkono wenye bangili, uliokuwa bado unanukia sabuni, ukamshukia kwenye nywele.

"La chumvi kwa nini hukuliandika?"

"Niliona lile ni lako, mama."

"Na sahani ilikuwa ya nani?"

Rukaiya, mwenye alama zake za Kiswahili, aliuficha uso ndani ya khanga ya mama yake.

"Sikukatazi kuandika," mama alisema. "Una mkono mzuri, umeniliza kwa mambo ninayoyajua. Lakini kabla hujayapeleka kwa huyo mhariri wako, uliza kwanza: hili ni la watu, au ni letu?"

Tangu siku hiyo Mama Tunu wa gazetini alihamia Kibamba, mbali na Tandika. Akapewa watoto watano, paka mwenye chongo na mume anayerudi kila jioni kulalamikia mboga. Wasomaji walimpenda vilevile, na mmoja akaapa kwa barua kwamba yule paka anamfahamu, ni wa jirani yake. Lakini wengine hawakusahau. "Mzee Sefu alirudi?" waliandika. "Ile sahani bado inapakuliwa?"

Ijumaa moja Rukaiya alimsomea mama yake barua hizo. "Tuwajibu nini, mama?"

Bi Mwanaasha alikuwa akipakua. Alionja wali kwa ncha ya ulimi, akafikiri, akatabasamu. "Waambie chumvi ya leo ni ya kiasi," alisema. Halafu akasita. "Hapana. Hata hilo usiwaambie."

Basi Binti Pazia hakuwaambia, na aliyetaka kujua Ijumaa hiyo zilipakuliwa sahani ngapi alibaki na hamu yake. Mlango ule haukubishwa hodi tena na mtu mwenye majonzi ya kuazima, kwa maana uchungu wa nyumba hauombewi mashahidi barabarani: funika kombe, mwanaharamu apite.