Maji ya Upande wa Nyuma

Ndugu zangu, nisikilizeni kidogo. Na ninyi wa viti vya mwisho sogeeni mbele, maana habari hii inawahusu hata wanaodhani haiwahusu.

Kulikuwa na mzee mmoja, tumwite Mzee Shemdoe, aliyerithi nyumba kwa baba yake. Nyumba ya zamani kweli, ya zile zenye kuta nene na milango mirefu, iliyojengwa kabla babu zetu hawajaoa. Upande wa mbele aliishi yeye peke yake tangu mkewe afariki. Upande wa nyuma alimpangisha mjane mmoja, Mama Nakiete, na bintiye Nakiete, ambaye walipohamia alikuwa na miaka minne. Mzee huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuaminika. Mgonjwa akitajwa ibadani, yeye ndiye wa kwanza kwenda kumwona.

Siku moja bomba la jikoni kwake likaanza kuvuja, akaita fundi. Fundi akapiga magoti, akalitazama lile bomba, akachomoa kisu akalikwaruza. Likachunika kirahisi, na chini ya ule ukijivu pakang'aa kama sarafu mpya. Akatoa sumaku mfukoni akaigusisha. Haikunasa.

"Mzee," fundi akasema, "hili si bomba la chuma. Hili ni la risasi."

"Risasi ya bunduki?"

"Madini ni yale yale. Watu wa zamani waliyapenda kwa sababu ni laini, yanapinda vizuri. Lakini yanaachia sumu kwenye maji. Huioni, huionji, huinusi. Mtu mzima inamdhuru polepole. Mtoto mdogo inamwingia kwenye damu, inamharibu mpaka akili. Na ukichemsha hujafanya kitu, sumu inabaki mle mle."

Mzee Shemdoe akavuta kigoda akakaa. "Na kule nyuma?"

"Bomba ni moja, linagawanyika hapo uani. Kule limepita chini ya sakafu, itabidi tuvunje. Mimi nashauri tubadilishe yote. Na wakati tunajipanga, mwambie huyo mama asinywe maji ya bomba hili wala asimpikie mtoto. Achote kule kwenye kioski cha maji."

"Nitamwambia," Mzee akasema. "Wewe anza na kwangu."

Kwa siku mbili kwake kukawa kumekwisha, bomba jipya la plastiki kutoka uani mpaka jikoni. Je, alimwambia yule mama?

Siku ya kwanza alikusudia kweli. Akazunguka nyuma, akamkuta Mama Nakiete anafua huku akiimba, akaona si vizuri kumharibia asubuhi yake. Wiki iliyofuata yule mama alikuwa na wageni. Kisha mzee akajiambia atasubiri mpaka fundi apatikane tena, ili habari mbaya ije na dawa yake. Miezi mitatu ikapita, na hapo likazuka jambo gumu zaidi. Sasa akimwambia, mama atauliza, "Ulijua tangu lini?" Kila siku iliyopita ililifanya jibu la swali hilo kuwa baya kuliko jana. Mnaijua hali hiyo? Mnaijua. Nawaona mnavyotazama chini.

Na yule mama alikuwa mkarimu. Kila Jumapili wakitoka ibadani alimkaribisha mzee: "Baba, pita hapa upate chai." Mzee akasema amefunga. Jumapili nyingine akasema tumbo linamsumbua. Nyingine akasema daktari amemkataza chai. Kupitia dirisha la jikoni kwake aliliona sufuria la yule mama likitokota kila alfajiri, akamsikia akimwambia jirani kwa fahari, "Mwanangu hanywi maji ambayo hayajachemka. Hata tone." Mzee alikuwa akifunga dirisha taratibu, kitasa kisilie.

Miaka mitatu ikaenda hivyo.

Nakiete akaanza shule. Herufi alizofundishwa Jumatatu, Jumatano hazimo. Akawa mweupe midomo, analalamika tumbo, mara anachapana na wenzake bila sababu, yeye aliyekuwa mpole. Mwalimu akasema mtoto ni mvivu. Jirani mmoja akasema amerogwa. Mama akaleta ombi kanisani, na wazee wa kanisa wakaenda nyumbani kumwombea. Mzee Shemdoe akiwa mmojawapo. Angebakije, naye ni wa nyumba hiyo hiyo?

Wakaketi wazee wanne kwenye mkeka na viti vya kuazima. Nakiete akaleta maji kwenye trei, bilauri nne, akapiga goti kwa kila mgeni. Wazee watatu wakanywa, mmoja akashukuru akaomba aongezewe. Mzee Shemdoe akaishika bilauri yake kwa mikono miwili. Mtoto akamtazama usoni.

"Babu, kunywa. Ni ya kuchemsha."

Akaiweka chini ya kiti. Kisha wakamwambia yeye, kama mwenyeji, aongoze maombi. Ndugu zangu, alisimama. Akaweka mkono juu ya kichwa cha yule mtoto, akamwomba Mungu afunue chanzo cha ugonjwa. Wenzake wakaitikia amina. Alipotoka pale shati lilikuwa limemganda mgongoni. Lakini alisema neno? Hakusema.

Mwezi mmoja baadaye Mama Nakiete akagonga mlango wa mbele. Alikuwa ametoka hospitali ya mkoa, bado kanga ya safari iko mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Nakiete. Mtoto anaendeleaje?"

"Damu yake waliipeleka maabara ya mbali, majibu yamerudi. Wamekuta sumu ya risasi. Daktari akaniuliza kama tunakaa nyumba ya zamani, na kama nayajua mabomba yake. Nikamwambia, daktari, mwenye nyumba wetu ni mtu wa Mungu. Angekuwa anajua kitu, angetuambia."

Mzee akashika fremu ya mlango. Kama angetaka kudanganya tena, nafasi ilikuwa hapo wazi, mama mwenyewe kamfungulia. Lakini akateremka akakaa kizingitini, mbele ya mpangaji wake, mtu mzima na mvi zake.

"Nilijua," akasema. "Fundi aliniambia. Nikabadilisha la kwangu."

"Lini?"

"Nakiete alikuwa na miaka minne."

Yule mama hakupiga kelele. Akasema taratibu, kama mtu anayehesabu, "Kumbe chai yangu." Akarudia. "Kumbe ndiyo maana hukunywa chai yangu. Mimi nilidhani unanidharau kwa kuwa mimi ni mpangaji. Nililia kwa jambo hilo, baba. Nikapiga magoti nikakusamehe." Akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Laiti ingekuwa dharau."

Akaondoka.

Mlitaka niwaambie kwamba yote yakawa mema? Mafundi wanne waliletwa kesho yake, sakafu ikavunjwa, likang'olewa bomba lote mpaka barabarani, na mzee mwenyewe akawa anabeba kifusi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama Nakiete hakurudi kukaa. Alihamia kwa dada yake. Damu ya mtoto ikaanza kusafika, ila daktari alisema wazi kwamba yaliyokwisha kuharibika mengine hayatarudi. Mzee aliacha uzee wa kanisa kabla hajaulizwa. Alipita nyumba zote za zamani za mtaa ule, akiwaomba wenyewe waruhusu mabomba yao yakwaruzwe, na kila mlango alianza kwa kueleza alichofanya. Wengine walimsikiliza. Wengine walimfungia mlango usoni, naye hakuwalaumu.

Sasa tugeuke kwetu, maana ni rahisi kumsema mzee yule. Kwanza jambo la kufanya kwa mikono: wewe unayekaa nyumba ya zamani, kaliangalie bomba lako leo. Likiwa la kijivu, laini, kisu kinalichuna na sumaku hailishiki, mwite fundi, na umwambie kila anayechota hapo. Usingoje upate maneno mazuri.

Pili ni sisi wote. Sisi tunajua mambo. Tunajua kijana yule anayemchumbia binti wa jirani ana mke mji mwingine. Tunajua kiwanja anachotaka kununua ndugu yetu kina kesi. Tumejirekebishia upande wetu, tumefunga dirisha taratibu, na Jumapili tunawataja watu hao hao kwenye maombi kwa sauti ya huruma. Tunamwomba Mungu afunue jambo ambalo ametufunulia sisi!

Basi fumbeni macho. Kila mmoja wenu, mtaje moyoni mtu mmoja anayedhurika na jambo unalolijua, nawe hujamwambia. Mmempata? Haya, fumbueni macho. Mtu huyo leo hatumwombei. Ibada ikiisha, nenda kamwambie.