Bi Mwanakombo Achagua Mashine ya Kuoshea

Bwana Shebughe, mwenye nyumba na mwenye duka la mashine, alimpa mpangaji wake Bi Mwanakombo siku moja tu: kuvu yote itoke ukutani, la sivyo ahame. Bi Mwanakombo, ambaye alikuwa na ufagio mkuukuu tu, akaenda dukani kwake kuchagua mashine ya kuoshea kwa presha.

"Hii ndogo itakufaa," alisema Bwana Shebughe.

"Hiyo ni ya kufukuzia kuku. Mimi sinunui kwa kusikia, baba. Njoo uijaribu kwangu."

Akaja, akaosha baraza. Bi Mwanakombo akapiga mwayo. Bwana Shebughe akaleta ya kati, akaosha ukuta wa mbele.

"Inakohoa," alisema Bi Mwanakombo. "Kubwa huna?"

"Sina? Mimi?"

Akaleta kubwa kuliko zote. Ikamwangusha chali, lakini hakuiachia mpaka kuta zote zilizobaki zikang'aa.

"Haya, mama, chagua!" alisema, maji yakimchuruzika puani.

Bi Mwanakombo akaizunguka nyumba taratibu, akikagua.

"Zote nzuri, baba. Lakini mimi nilitaka mashine ya kutolea kuvu. Sasa kuvu yenyewe wewe unaiona wapi?"