Nafasi Moja Garini

Jongeeni, wakubwa kwa watoto. Ninacho kisa ambacho mimi mwenyewe nimeshindwa kukimaliza. Pengine ninyi mtaweza.

Katika kambi moja kulikuwa na watu watatu, wakimbizi kama wenzao. Asukulu, mhudumu wa afya wa mtaa, alijaliwa macho: akipita nyumba kwa nyumba, hakuna kilichomponyoka. Mama Riziki, muuguzi wa zahanati, alijaliwa mikono. Byaombe, mnasihi, alijaliwa masikio. Aliweza kusikiliza hata kimya cha mtu. Na wote watatu hawakuruhusiwa kuvuka lango, maana bila kibali hakuna atokaye.

Akaja Nyassa, mwanamke kijana, peke yake, mkono wa kulia umeungua, vidole vimeshikamana. Alipewa kibanda cha turubai. Akaingia, akafunga mlango. Majirani wakasema, "Mwacheni na mashetani yake."

Asukulu hakumwacha. Asubuhi moja aliona jiko lake halina majivu mapya, na ndoo ya maji iko palepale alipoiona jana. Akabisha. Akatega sikio, akasikia mtu anaweweseka. Akapasua turubai kwa kisu, akamkuta anawaka homa, akambeba mgongoni mpaka zahanati.

Mama Riziki akampokea. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Mshipa hauonekani, wenzake walijaribu wakakata tamaa. Yeye akaupata mguuni, akamtundikia dripu. Nyassa akaichomoa. Akaiweka tena, ikachomolewa tena.

"Niache nife, mama."

"Nichukie ukitaka, mwanangu, lakini sikuachi."

Akaketi amemshika mpaka dawa ikaisha, na siku zilizofuata vivyo hivyo, hadi homa ikashuka.

Mwili ukapona. Lakini Nyassa alirudi kibandani akafunga mlango kama mwanzo, na chakula hakukigusa.

Ndipo Byaombe akaja na kigoda chake, akaketi nje. Hakuuliza habari za vita. "Dada Nyassa, ni mimi Byaombe. Nipo hapa tu." Jioni akaondoka, kesho akarudi. Mvua ikamnyea, watu wakamcheka. Mpaka siku moja sauti ikatoka ndani.

"Kaka, mlango ule niliufunga mimi."

"Mlango upi, dada?"

"Wa nyumbani. Mama alikuwa hawezi kutembea. Nikaweka kufuli kwa nje ili wavamizi wadhani hamna mtu, nikakimbia kutafuta wa kumbeba. Wakaichoma nyumba. Niliporudi kufuli lilikuwa la moto, nikashindwa kulifungua."

"Ulifunga ili wasimpate."

"Najua. Lakini alikuwa ananiita."

Wakalia wote wawili, mlango uko katikati yao. Kisha Nyassa akaufungua mwenyewe.

Tangu hapo akaanza kula, akaanza kukaa na wenzake. Siku moja daktari akamwambia kwamba katika hospitali ya mjini mkono wake unaweza kupasuliwa, vidole vikaachana. Kibali kikatoka, chake na cha msindikizaji mmoja. Achague mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Asukulu amesikia kuwa binti yake, waliyepotezana naye njiani, anauza samaki katika mji huohuo. "Nisingepasua lile turubai wangekuzika," alimwambia Nyassa, na hakusema kwa majivuno. Alikuwa anamsihi. Mama Riziki naye usingizi umemhama. "Naogopa, mwanangu. Nikiendelea kukaa humu bila kupumzika hata kidogo, nami nitafunga mlango." Byaombe hakuomba kitu. Aliingia kambini akiwa mgongoni mwa mama yake, hajawahi kuona mahali pasipo na uzio. Nyassa alipomuuliza, alijibu, "Nenda na umtakaye, dada." Lakini asubuhi ya safari alivaa shati lake jema, akasimama karibu na lango.

Gari linanguruma. Nyassa anawatazama mmoja mmoja. "Angekosekana mmoja wenu," anasema, "nisingekuwa hapa."

"Dada, amua," dereva anaita. "Tunachelewa."

Basi, ninyi mlionisikiliza: mngekuwa Nyassa, mngempandisha nani? Na wale wawili watakaobaki ndani, mngewaambia nini kabla lango halijafungwa?