Jina la Mtoto wa Sikudhani

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, simu zilikuwepo ila mafuta ya gari la polisi hayakuwepo. Mji wa Mabondeni ukaingiliwa na watekaji. Walikuja na gari jeusi, wakasema, "Sisi ni askari, twende kituoni." Mtu akipanda, kituoni hafiki, na ndugu zake wanadaiwa kikomboleo.

Mmoja aliyepanda ni Sikudhani, mwenye mashine ya kusaga, mja mzito wa miezi minane. Alipanda kwa heshima zote, na salamu akawapa. Wakamfungia ghalani. Humo akaweka nadhiri: "Nikitoka hai, mwanangu atabeba jina la aliyenitoa."

Watekaji hawakutaka atafutwe mapema. Wakampa simu: "Mwambie mdogo wako umesafiri."

Sikudhani akapiga. "Shikamoo, Chande. Nimekwenda kumwuguza shangazi, msinitafute."

Sasa nyie mnaonisikiliza, tangu lini dada mkubwa akamwamkia mdogo aliyembeba mgongoni? Chande nusura aitike marahaba kwa mzaha, ila akatega sikio. Nyuma ya sauti ya dada yake akasikia adhana, na katikati ya adhana, kikohozi. Muadhini anayekohoa hivyo ni mmoja tu, wa mtaa wa Kisimani.

Chande akakimbilia kituoni. "Dada yangu ametekwa!"

"Umejuaje?"

"Amenipa shikamoo."

Kituo kizima kikacheka. Mkuu wa zamu akasema mtu mzima aliyeaga kwa kinywa chake hatafutwi, na isitoshe gari halina mafuta. Asiyecheka ni Koplo Maganga peke yake, maana naye ana dada mkubwa. Akamsikiliza Chande habari ya muadhini, akavaa kofia, akaenda Kisimani kwa miguu.

Akabisha mlango wa kwanza: "Hodi, mimi ni askari." Mlango ukakomewa. Akabisha wa pili: "Hodi, mimi ni askari." Ukakomewa na kuegemezwa kinu. Msiwalaumu, watekaji nao walibisha hivyohivyo.

Mlango wa tatu ulikuwa wa Bi Somoe, mjane anayeuza udongo wa kula, ule wanaoutafuna waja wazito. Bi Somoe alikuwa na lake moyoni. Mwanawe wa pekee, Mfaume, kapera asiye hata na mchumba, asubuhi ile alimwomba kipande cha udongo. Alipoulizwa ni wa nani, aliinamisha uso, kisha akashika njia ya ghala la korosho.

"Mama, mimi ni askari wa kweli," akasema Maganga.

"Na wale walisema wa kweli."

"Basi piga yowe la mwizi. Mtekaji angekimbia. Mimi nakaa hapahapa."

Bi Somoe akapiga yowe. Mtaa ukatoka na marungu na mawe. Maganga hakukimbia, na jiwe la kwanza likampasua jicho. Bi Somoe alipoiona ile damu akajitupa juu yake, akalia: "Mwacheni! Huyu ni askari. Mwizi mnayemtaka nimemzaa mimi. Nendeni ghala la korosho!"

Wakaenda. Wakamkuta Sikudhani mzima, udongo mkononi. Watekaji wengine waliruka dirishani, akakamatwa Mfaume.

Sikudhani akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba watu wakakusanyika kumnyoa na kumpa jina. Mumewe, ambaye siku zile alikuwa mbali kikazi, akasema, "Nadhiri ni yako, mke wangu. Taja wewe."

Chande akawahi: "Aitwe Chande. Mwingine angeitika marahaba akakata simu, na Dada angekuwa safarini mpaka leo."

Maganga, kitambaa jichoni, akasema: "Aitwe Maganga. Sisi polisi mjini hapa mmetupa majina mengi, zuri hata moja hamna. Hili moja nimelilipia kwa jicho."

Bi Somoe alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. "Mimi sitaki jina langu," akasema. "Nilizaa mmoja, nikamtoa huyo mmoja. Sasa Mfaume akitajwa, watu wanatema mate. Mpeni mtoto jina hilo, ili nikiita Mfaume, mtu aitike."

Watu wakaguna. "Mtoto apewe jina la mtekaji?"

"Yule mtekaji asingemhurumia mja mzito, mimi ningejulia wapi?"

Sikudhani akamwinamia mwanawe. Nywele zimeshaloweshwa, kinyozi anangoja na wembe wake. Wanaodai ni watatu, nadhiri ni moja, na mtoto ni mmoja.

Haya, semeni nyie mliokaa hapa. Je, nani alistahili? Sikudhani akifungua kinywa sasa hivi, mwanawe amwite nani?