Aliyemlaza Mlinzi wa Bwawa

Hapo zamani, siku ya Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, ukungu ukiwa umekwisha kupanda na jua la kiangazi likiwa wazi juu ya milima ya Upare, mlinzi wa maji aitwaye Kajiru alikutwa amelala kando ya bwawa. Alikuwa ameegemea ukingo, mkono mmoja juu ya kizibo, mdomo wazi. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya ukingo na kupotelea korongoni.

Ili tuelewane, wasikilizaji, nianze na bwawa lenyewe. Wapare huliita ndiva. Kijito cha mlimani huingia humo usiku kucha. Alfajiri mlinzi huondoa kizibo, na maji hushuka kwa mfereji mpaka shamba la mwenye zamu. Kijiji hicho kilikuwa na kaya ishirini na mbili, ya mlinzi ikiwa mojawapo, na kila kaya ilipata bwawa moja katika kila siku ishirini na mbili. Zamu ilianza saa kumi na moja alfajiri na kwisha saa tatu asubuhi, yaani muda wa saa nne. Saa ya kwanza haikuwa ya mkulima, kwa kuwa mfereji uliokauka huinywa yote. Saa tatu zilizobaki ndizo zilizootesha maharage.

Jumanne hiyo zamu ilikuwa ya Shaghude, mtani wa Kajiru. Kajiru aliamshwa, akaondoa kizibo, saa moja ikapita, zamu ikaisha, kizibo kikarudishwa. Shamba la Shaghude lilipata matope.

Mkuu wa maji, Mzee Mkwizu, ambaye peke yake kijijini alikuwa na saa ya mfukoni, aliwaita watu saa nne.

“Kajiru, umelala kazini.”

“Mkuu, kosa langu si usingizi,” alijibu Kajiru. “Kosa langu ni kukosa usingizi. Tangu nimzike mke wangu, miezi mitatu sasa, nalala kitandani macho wazi hadi jogoo. Leo mwili umejichukulia haki yake bila kuniuliza.”

“Mtani,” alisema Shaghude, “mwili wako umechukua haki yake na maji yangu pamoja.”

Watu walicheka, lakini Mkwizu hakucheka. Alitamka hukumu kwa utaratibu. Kwa siku saba, kila alfajiri saa kumi na moja, yeye mwenyewe angesimama bwawani na saa yake. Kajiru akichelewa hata siku moja, kizibo kingeondoka katika ukoo wake na kukabidhiwa Kihara, wa ukoo wa pili kwa haki ya kulinda maji. Akiwahi siku zote saba, shauri lingefungwa.

Kajiru aliinama kidogo, kisha akasema, “Bwawa langu mwenyewe linaangukia Alhamisi ya wiki ijayo. Atakayenilaza usiku mmoja mzima, nikaamka mwenyewe kwa wakati, bwawa hilo ni lake.”

Neno hilo halikuwa dogo. Maharage ya kijiji kizima yalikuwa katika maua, na maua yasiyopata maji wiki hiyo hupukutika bila kufunga.

Wa kwanza kumjia alikuwa Nakijwa, mjane wa marehemu mdogo wake Kajiru, aliyeishi nyumba ya pili katika ua uleule na kulea wajukuu watano. Alikuja siku ileile, saa sita mchana, akamkuta Kajiru amejinyoosha mkekani.

“Shemeji, unafanya nini?”

“Nalipa deni la usiku, shemeji.”

“Ukilipa mchana, usingizi ukija usiku utakuta sahani tupu. Inuka. Na hiki kibuyu?”

“Kahawa. Nakunywa baada ya chakula cha jioni, nisije nikapitiwa.”

Nakijwa alikinusa kibuyu, akamwaga kahawa uani. Kisha akamwekea masharti manne kwa mfuatano: kahawa isipite saa sita mchana, asilale mchana hata kidogo, aamke saa kumi na nusu kila alfajiri, awe amelala au hakulala, na usiku, usingizi ukikataa, asigaagae kitandani, bali atoke, akae jikoni apukuchue mahindi mpaka kope zizito, ndipo arudi.

“Na asubuhi nitahesabu magunzi,” alisema.

“Unanifanya mtoto.”

“Mtoto hulala.”

Kajiru alitii akinung’unika. Mchana Nakijwa alimpa jembe, na kila aliposinzia juu ya mpini alimwita kwa jina la ukoo, ambalo mtu halali akiitwa. Kajiru alimwita mnyapara. Alimwita mambo mengine pia, na Nakijwa hakuyajibu.

Usiku wa kwanza ulipita. Asubuhi Nakijwa alihesabu magunzi: arobaini na sita.

Usiku wa pili ulipita. Asubuhi Nakijwa alihesabu magunzi: arobaini na manne.

Kajiru alikuwa akipiga miayo sasa, jambo ambalo hakulifanya kwa miezi mitatu; lakini akilala tu, sikio lilibaki wima. Ndiyo kazi iliyomlea. Maji yaingiayo katika bwawa tupu hulia kama kengele; bwawa likikaribia kujaa, sauti hushuka na kuwa mnong’ono. Mlinzi husikiliza badiliko hilo akiwa kitandani, kwa sababu bwawa likijaa kabla ya wakati lazima akakigeuzie kijito njia. Sikio la Kajiru lilikuwa limesahau namna ya kufunga.

Wa pili kumjia alikuwa Kihara. Naam, Kihara yuleyule ambaye angepewa kizibo. Alikuja Alhamisi saa kumi na mbili jioni, blanketi begani.

“Mzee, kuanzia leo nitalala bwawani. Nitasikiliza kwa niaba yako. Likijaa mapema nitageuza kijito. Wewe lala.”

Kajiru alilitazama blanketi. “Wewe ukinyamaza tu siku tano, kizibo ni chako.”

“Nalijua hilo.”

“Sasa unataka nini?”

“Nataka, nikikipata, nikipate siku ambayo watu hawataniangalia kwa jicho la pembeni.”

Usiku huo wa tatu Kajiru hakulala kabisa, kwa kuwa sasa alikuwa akisikiliza kama Kihara anasikiliza. Mara mbili aliteremka bwawani, na mara mbili Kihara alimwambia, “Niko macho, Mzee, rudi.” Asubuhi Nakijwa alihesabu magunzi: arobaini na matano.

“Umepanda moja,” alisema.

“Mlinzi wa mlinzi ana kazi mbili,” alijibu Kajiru.

Usiku wa nne hakuteremka. Asubuhi Nakijwa alihesabu magunzi: ishirini na saba. Usiku wa tano: ishirini na moja. Sikio lilikuwa limeanza kulegea. Lakini kila siku, kati ya saa saba na saa nane usiku, jambo fulani lilimtoa Kajiru usingizini kama mtu aliyeshikwa bega, na hakumwambia yeyote ni jambo gani.

Wa tatu kumjia alikuwa Shaghude. Alikuja Jumapili, saa tisa alasiri, akaketi bila kukaribishwa, akachukua kiazi kitamu kutoka majivuni.

“Nimekuja kuulizia matope yangu, mtani. Yamekauka.”

“Chukua kiazi, uniache.”

“Kiazi nimekwisha kuchukua. Una sura ya samaki mkavu: macho wazi, na hakuna anachokiona.” Alitafuna, akapuliza kiazi, akauliza kwa sauti ileile, “Nani anakuita usiku?”

Mtani ana ruhusa ya kuuliza ambayo ndugu hana. Kajiru alichokoa majivu kwa kijiti, kisha akasimulia. Usiku aliofariki mkewe, Namkunda, yeye alikuwa amelala kando yake, sikio likiwa bwawani. Bwawa lilibadili sauti, akatoka. Aliporudi, Namkunda alikuwa amekwisha kwenda. Nakijwa, aliyekuwa akimuuguza, alimwambia katikati ya kilio, “Alikuita mara mbili.”

“Nilisikia bwawa,” alisema Kajiru. “Yeye sikumsikia. Sasa kila usiku, saa ileile, naamka nimsikie.”

Shaghude hakumpa pole. Alimenya kiazi cha pili.

“Katika miaka yenu thelathini, Namkunda alikuwa akikuita usiku kwa lipi?”

“Kwa lipi? Alikuwa haniiti.” Kajiru aliacha kuchokoa majivu. “Ila usingizi ukinizidi bwawa likijaa, hapo aliniita. Alikuwa na masikio kuliko mimi.”

“Alikuita mara ngapi?”

“Mara moja, usingizi ukiwa mwepesi. Mara mbili, ukiwa mzito.”

“Haya,” alisema Shaghude, “basi usiku ule alikuita uende bwawani, nawe ulikwenda,” akala kiazi.

Waliketi hivyo hadi saa kumi na moja jioni. Kajiru alilia kidogo, kwa utulivu, na Shaghude akamaliza viazi vyote.

Asubuhi ya siku iliyofuata Nakijwa alihesabu magunzi: manne.

Usiku wa saba Kajiru alipanda kitandani saa tatu. Kapu la mahindi lilikaa jikoni lilivyowekwa. Saa kumi na nusu alfajiri ya Jumanne aliamka mwenyewe, kabla Nakijwa hajagonga mlango, akateremka bwawani. Huko alimkuta Kihara amejiviringisha katika blanketi, anakoroma. Alimruka taratibu asimwamshe, akasubiri, na Mzee Mkwizu aliponyanyua saa yake na kusema “Sasa,” kizibo kilitoka. Asubuhi Nakijwa alilitazama kapu. Hapakuwa na gunzi la kuhesabu.

Shauri la kizibo likafungwa. Lililofunguka ni la bwawa la Alhamisi.

Baraza liliketi Jumatano, saa kumi jioni. Nakijwa alisimama wa kwanza.

“Mimi ndimi niliyemlaza. Nilianza siku ya kwanza, nilimaliza siku ya saba. Nilimwaga kahawa, nilikataza mkeka wa mchana, nilihesabu magunzi, nilitukanwa. Hawa wawili walipofika walikuta mtu anapiga miayo. Nani aliirudisha miayo?”

Kihara alisimama wa pili. “Mimi ndimi niliyemlaza. Mama Nakijwa alimchosha, na kuchoka si kulala. Magunzi arobaini na manne yanashuhudia. Mtu hulala pale anapojua kuna mwingine aliye macho. Nilikesha usiku mzima ili yeye asikeshe, mchana nikashindwa kulima, na shamba langu ndilo lililonyauka kuliko yote. Tena nilimtunzia kizibo ambacho kingekuwa changu.”

“Kijana,” alisema Shaghude, “unataka ulipwe kwa kutoiba?”

“Na usiku wa saba ulikoroma,” aliongeza Nakijwa. “Usiku alioulala yeye, na wewe uliulala.”

“Nililala,” alikiri Kihara. “Lakini yeye alilala akiamini niko macho. Kilichomlaza si macho yangu, Mama. Ni kuniamini. Na kuniamini huko nilikununua kwa mikesha minne mizima.”

Shaghude alisimama wa tatu, bila haraka. “Mimi ndimi niliyemlaza. Mlimwondolea kahawa, akaamka saa saba. Mkamwekea mlinzi, akaamka saa saba. Mimi niliuliza ni nani anayemwamsha. Kabla yangu magunzi ishirini na moja, baada yangu manne, kisha hakuna. Nami ndimi niliyepoteza maji kwa ajili ya usingizi wake, na sikununa.”

“Ulikaa alasiri moja,” alisema Nakijwa, “ukala viazi vyake vyote.”

“Mwiba hutolewa kwa mara moja, mama wajukuu. Na mwiba huo, uliompa ni nani? Nani alimwambia, ‘Alikuita mara mbili’?”

Nakijwa alijifunga kanga upya. “Nilimwambia ukweli,” alisema. “Nilikuwa nalia. Kama ningemficha, leo mngeniita mwongo.”

“Na kama nisingekuwepo bwawani,” alisema Kihara, “Jumapili ungemkuta na sikio la kukusikiliza wewe?”

“Na kama nisingempa usingizi wa saa mbili tatu,” alisema Nakijwa, “ungemkuta na akili ya kukujibu?”

Mzee Mkwizu alipendekeza kugawa. Alikokotoa mbele ya wote: dakika mia mbili na arobaini kwa watu watatu ni dakika themanini kila mmoja. Mashamba matatu yamo katika mifereji mitatu, na kila mfereji hunywa dakika sitini za kwanza. Kila shamba lingebakiwa na dakika ishirini, ambazo haziokoi hata tuta moja la maharage. Walijaribu wawili badala ya watatu. Saa moja kwa kila shamba ingeokoa robo, na hakuna aliyeweza kutaja wa kuachwa. Bwawa zima kwa mmoja lingemvunisha huyo, na wengine wawili wangeng’oa mabua.

Kisha wakamgeukia Kajiru, mwenye ahadi.

“Nilipolala nilikuwa nimelala,” alisema Kajiru. “Sikuona ni nani aliyenifunga macho. Na mkinilazimisha nichague, jikoni bado kuna mahindi, na mimi nitayarudia. Amueni ninyi. Mimi kizibo nitakielekeza mtakakosema.”

Aliaga akaondoka, kwa kuwa Nakijwa alikwisha kumpangia aoge kabla ya giza na ale mapema. Mshindani wake wa kizibo alimpisha njia, na mtani wake akamsindikiza hadi ukingo wa ua. Baraza likabaki na wadai watatu na mifereji mitatu mikavu.

Wasikilizaji, wazee wale hawakukubaliana, nami sitawasemea. Mmoja alianza, mwingine alikesha, mwingine aliuliza. Je, ni nani aliyemlaza Kajiru, na maji ya Alhamisi yashuke katika shamba la nani? Mkijibu, jibuni upesi: Mzee Mkwizu amefungua saa yake, ni saa kumi na moja jioni, na hadi kizibo kitakapotoka zimebaki saa kumi na mbili.